Amplifaya ndogo ya hedifoni: tuchague kwa faida ya masikio

Tunapozungumzia afya ya masikio, wazazi wengi hufikiria usaha, nta, au mtoto aliyejiingiza punje ya mahindi sikioni. Hayo ni kweli. Lakini siku hizi kuna kitu kinachokaa masikioni mwa watoto wetu muda mrefu kuliko nta: hedifoni, yaani vile vipokea sauti vinavyovaliwa kichwani au kuchomekwa masikioni.

Pamoja na hedifoni kimeingia kifaa kingine majumbani. Ni kidogo, kingine ukubwa wa kiberiti, kingine si zaidi ya kidole gumba. Huchomekwa kwenye simu au kompyuta upande mmoja, na hedifoni huchomekwa upande wa pili. Kijana anayesoma kwa mihadhara ya simu anakiomba. Mwanakwaya anayejifunza sauti yake nyumbani anakiulizia. Mpiga kinanda anasema bila hicho hasikii besi vizuri. Mzazi anapokwenda dukani huambiwa neno moja tu: "Hiki kina nguvu sana."

Je, nguvu ndiyo tunayoitafuta? Mwezi huu tutaeleza kifaa hiki ni nini, ni nani anayekihitaji kweli, jinsi ya kukichagua, na jinsi ya kukitumia bila kupoteza usikivu. Jambo la kukumbuka tangu mwanzo hadi mwisho ni hili: kifaa kizuri ni kile kinachokuwezesha kusikia vizuri kwa sauti ndogo.

KIFAA HIKI KINAFANYA KAZI GANI?

Kifaa hiki kina kazi mbili ndani ya boksi moja.

Kazi ya kwanza ni kugeuza. Wimbo uliomo ndani ya simu si sauti bado. Ni tarakimu tupu. Zilipoanza kuuzwa CD mwaka 1982, utaratibu uliowekwa ulikuwa kupima wimbo mara 44,100 katika kila sekunde moja na kuandika kila kipimo kama namba. Mafaili ya muziki tunayotumia leo yanafuata njia hiyohiyo. Sikio haliwezi kusikia namba. Kwa hiyo lazima kuwe na kigeuzi cha kuzirudisha namba hizo ziwe umeme unaopanda na kushuka kama wimbo wenyewe. Kwenye maboksi ya dukani kigeuzi hiki huandikwa kwa herufi tatu: DAC.

Kazi ya pili ni kukuza. Umeme unaotoka kwenye kigeuzi ni mdogo. Unahitaji kuongezewa nguvu ili uweze kutikisa ngozi nyembamba iliyo ndani ya hedifoni. Hiyo ndiyo kazi ya amplifaya. Wanakwaya wanaelewa jambo hili vizuri: kinanda peke yake hakiwezi kusukuma spika kubwa za uwanjani mpaka kipitie kwenye amplifaya. Hapa ni vivyo hivyo, ila spika ni ndogo na ziko sentimita chache tu kutoka kwenye ngoma ya sikio.

Tukumbuke kwamba kila simu yenye tundu la hedifoni tayari ina kigeuzi na amplifaya ndani yake. Swali la kununua kingine lilipata nguvu baada ya mwaka 2016, kampuni ya Apple ilipotoa simu ya iPhone 7 isiyo na tundu hilo, na makampuni mengi yakafuata. Tangu hapo mwenye hedifoni ya waya hulazimika kutumia adapta. Wengi hudhani adapta ile ni waya tu. Nyingi kati yake, ikiwemo ile ndogo ya Apple, zina kigeuzi na amplifaya ndani ya kile kichwa kidogo cha plastiki.

NANI ANAHITAJI NA NANI HAHITAJI?

Kabla ya kutoa fedha, tujiulize kwanza kama kifaa kinahitajika.

Anayetumia hedifoni zisizo na waya, za Bluetooth, hakihitaji. Hedifoni hizo zina kigeuzi chao na amplifaya yao ndani. Kununua kifaa kingine cha kuchomeka kwenye simu hakutawasaidia kitu zinapotumika bila waya.

Anayetumia vipokea sauti vya kawaida vya kuchomeka masikioni, na simu yake ina tundu, na anasikia vizuri bila kukwaruza, naye hakihitaji. Vipokea sauti hivyo vimetengenezwa viendeshwe na simu.

Anayekihitaji ni huyu:

(a) Mwenye simu isiyo na tundu. Huyu anahitaji angalau adapta nzuri.

(b) Mwenye hedifoni nzito kuendesha, zile za studio. Kwa mfano, Sennheiser HD 600 ina ukinzani wa omu 300. Beyerdynamic DT 770 Pro huuzwa kwa aina za omu 32, 80 na 250. Za ukinzani mkubwa huhitaji umeme wenye msukumo zaidi, na zikichomekwa kwenye simu au kompyuta dhaifu hutoa sauti hafifu.

(c) Mwenye kompyuta inayotoa mvumo au mlio hedifoni inapochomekwa. Kifaa cha nje mara nyingi huondoa kero hiyo.

Kuna jambo ambalo kifaa hiki hakiwezi kulifanya kabisa. Hakiponyi rekodi mbaya. Wimbo uliorekodiwa kwa simu nyuma ya ukumbi, au uliorushwa kutoka simu hadi simu mpaka ukapungua ubora, utabaki hivyohivyo. Utasikia kasoro zake vizuri zaidi, basi.

SIKIO LINAVYOUMIA

Sasa tuje kwenye sababu ya kuliandika jambo hili katika ukurasa wa afya.

Sauti ikiingia sikioni hutikisa ngoma, kisha vimifupa vitatu vidogo, kisha maji yaliyomo ndani ya koklea, kiungo kilichojisokota kama gamba la konokono. Ndani ya koklea kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 tu katika kila sikio. Vinyweleo hivyo vikitikiswa, seli hupeleka taarifa kwenye ubongo nasi tunasikia.

Fikiria majani yanayokanyagwa. Ukipita mara moja yanainama, kesho yameinuka. Ukipita kila siku njia ileile, yanakufa na ardhi inabaki wazi. Seli hizi ziko hivyo. Baada ya kelele kubwa ya siku moja mtu husikia kama ameziba pamba masikioni, kisha hali hurudi. Kelele ikirudiwa siku nyingi, seli hufa. Tofauti na majani, seli hizi zikifa haziti tena kwa binadamu. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Tena uharibifu huu hauna maumivu. Mara nyingi huanza kwenye sauti nyembamba, zile za mitetemo kama 4,000 kwa sekunde. Mgonjwa husikia kwamba mtu anaongea, ila hashiki maneno. Hutofautisha kwa shida "saa" na "faa". Hujibu isivyo, na nyumbani huitwa mkaidi au mzembe. Darasani hushuka. Ndiyo maana tunasema jambo hili si la muziki tu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1 walio vijana wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki na sauti nyingine. Huu ni upotevu unaoweza kuzuiwa.

SAUTI KIASI GANI, KWA MUDA GANI?

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Pikipiki inaweza kufika 95. Vifaa vya kusikilizia muziki, vikifunguliwa hadi mwisho, huweza kufika 105 hadi 110.

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa imezidishwa mara mbili. Kwa hiyo muda salama hupungua kwa nusu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, yalitoa kiwango cha pamoja cha vifaa vya kusikilizia. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Kwa hesabu hiyo mtu mzima anapata:

Desibeli 80: saa 40 kwa wiki.
Desibeli 83: saa 20 kwa wiki.
Desibeli 86: saa 10 kwa wiki.
Desibeli 89: saa 5 kwa wiki.
Desibeli 95: saa moja na robo kwa wiki.
Desibeli 101: dakika 19 hivi kwa wiki nzima.

Angalieni mstari wa mwisho. Nyimbo tano tu, na posho ya sikio ya wiki nzima imekwisha.

HATARI YA NGUVU ZISIZOLINGANA

Hapa ndipo uchaguzi wa kifaa unapogusa afya moja kwa moja. Tuchukue mfano wa hesabu.

Chukua amplifaya ndogo inayotoa volti 1 ikifunguliwa hadi mwisho. Hicho ni kiasi cha kawaida, hata adapta ndogo hufikia hapo. Ukiichomekea hedifoni ya Sennheiser HD 600 yenye omu 300, utapata takriban desibeli 97. Ni sauti kubwa, lakini ni ile ya mwisho kabisa.

Sasa chomoa hedifoni hiyo, chomeka vipokea sauti vidogo vya kuingiza sikioni vyenye omu 16, ambavyo karatasi yake inasema hutoa desibeli 105 kwa miliwati 1. Kwa volti 1 ileile vitapokea miliwati zipatazo 62. Kutoka 1 hadi 2, 4, 8, 16, 32 na 64 ni kuzidisha mara mbili mara sita, na kila mara ni desibeli 3. Hiyo ni 18. Jumlisha na 105, unapata desibeli 123. Kifaa ni kilekile na kitufe cha sauti hakijaguswa. Tofauti imeletwa na ncha ya waya tu, na sauti hiyo inaweza kuumiza sikio kwa muda mfupi sana.

Na volti 1 ni mwanzo tu. Vipo vifaa vingi vya mfukoni vinavyotoa volti 2 au 4. Kila volti zikizidishwa mara mbili, ongeza desibeli 6. Kwa mwenye hedifoni nzito nguvu hiyo ina maana. Kwa mtoto mwenye vipokea sauti vyepesi ni kama kumkabidhi lori la kwenda nalo dukani.

Jambo lingine. Simu nyingi za siku hizi hutoa onyo mtu anapopandisha sauti mno, na baadhi huhesabu kiasi alichosikiliza wiki nzima. Hesabu hiyo hutegemea simu ijue nguvu inayofika kwenye hedifoni. Ukiweka amplifaya ya nje yenye kitufe chake, simu haijui tena kinachoingia sikioni. Hata ushauri wa kawaida wa kutovuka asilimia 60 ya sauti hupoteza maana, kwa sababu asilimia 60 ya nguvu ndogo si sawa na asilimia 60 ya nguvu kubwa. Mlinzi ameondolewa mlangoni. Lazima mtumiaji mwenyewe awe mlinzi.

Tena, kifaa dhaifu kikizidiwa hukwaruza, na mtu hupunguza sauti kwa kukereka. Kifaa kizuri hakikwaruzi. Sauti hubaki safi hata ikiwa kubwa mno, na msikilizaji anaweza asitambue kwamba amevuka mpaka.

MAMBO YA KUANGALIA UNAPOCHAGUA

1. Anza na hedifoni. Kama una fedha kidogo, itumie kwenye hedifoni kabla ya amplifaya. Tofauti utakayoisikia kati ya hedifoni mbaya na nzuri ni kubwa kuliko tofauti kati ya vigeuzi viwili. Na kwa afya, hedifoni inayoziba vizuri kelele za nje, au yenye umeme wa kupunguza kelele, ina faida kubwa zaidi. Mtu aliye kwenye daladala huongeza sauti ili kuushinda mngurumo wa injini, bila kutambua. Kelele zikizuiwa nje, sauti ndogo inatosha.

2. Soma namba mbili za hedifoni yako. Ya kwanza ni ukinzani, kwa omu. Ya pili ni wepesi wake, yaani hutoa desibeli ngapi kwa miliwati 1 au kwa volti 1. Kama ukinzani ni kati ya omu 16 na 50 na desibeli ni 100 au zaidi, adapta ndogo inatosha. Kama ukinzani ni 150 kwenda juu, hapo tafuta kifaa chenye volti 2 au zaidi.

3. Tafuta utulivu. Chomeka vipokea sauti vyako, usicheze wimbo wowote, sikiliza. Kifaa kizuri kitakuwa kimya. Ukisikia "shhh" kama maji ya bomba, kiache. Mvumo huo humfanya mtu aongeze sauti ili kuufunika.

4. Angalia hatua za sauti. Kifaa chenye nguvu kubwa na hatua chache ni cha hatari: ukibonyeza mara moja sauti inaruka kutoka ndogo hadi kubwa. Pendelea kile kinachopanda taratibu. Vifaa vingi vina swichi ya nguvu yenye herufi L na H. L ni ya nguvu ndogo na H ni ya nguvu kubwa. Kwa vipokea sauti vya kuchomeka sikioni, swichi ikae L daima.

5. Angalia ukinzani wa kifaa chenyewe upande wa kutolea sauti. Uwe mdogo, usiozidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni yako. Kwa hedifoni ya omu 16 hiyo ni omu 2. Ukizidi hapo, sauti inaweza kupotoka, besi ikavimba au ikapungua.

6. Msibabaishwe na namba kubwa za boksi. Utaona imeandikwa biti 32, au vipimo 384,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu kijana husikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na kiasi hicho hupungua kadiri umri unavyosonga. Vile vipimo 44,100 vya CD vinatosha kubeba mitetemo hadi 22,050. Biti 16 za CD zinatoa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, zaidi ya inavyohitajika chumbani. Namba kubwa kuliko hizo zina kazi yake studio wakati wa kurekodi. Kwa kusikiliza, usizilipie fedha ya ada. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

7. Betri na waya. Vifaa vidogo visivyo na betri hunyonya chaji ya simu. Vyenye betri huongeza uzito, na betri huchakaa. Nunua chenye kuchajiwa kwa waya wa kawaida wa USB-C. Betri ikivimba, acha kukitumia mara moja. Hakikisha pia kinakubaliana na simu yako: iPhone za kuanzia mwaka 2023, yaani iPhone 15, zina tundu la USB-C, zilizotangulia zina tundu la Lightning na huhitaji waya tofauti.

JINSI YA KUJARIBU DUKANI

Nenda na hedifoni yako na simu yako, na wimbo unaoujua vizuri, hasa wenye sauti ya mtu anayeimba. Kabla ya kuvaa hedifoni, shusha sauti hadi sifuri kwenye simu na kwenye kifaa. Vaa, kisha panda polepole. Baadhi ya vifaa hukumbuka sauti ya mtu aliyejaribu kabla yako, na huyo huenda alikuwa mpenda kelele.

Ukilinganisha vifaa viwili, jihadhari na mtego mmoja. Sikio la binadamu huona chenye sauti kubwa kidogo kuwa ndicho kizuri, hata tofauti ikiwa ni desibeli moja tu ambayo huwezi kuitambua kama ukubwa. Utasema, "Hiki kina uhai zaidi," kumbe kimefunguliwa zaidi. Kwa hiyo linganisha sauti zao kwanza, kisha mwenzako akubadilishie bila kukuambia ni kipi. Kama huwezi kusema tofauti mara kadhaa mfululizo, chukua cha bei nafuu uende nyumbani na amani.

Na jaribio lililo kubwa kuliko yote: punguza sauti mpaka iwe ya chini, kama ya mtu anayeongea nawe mezani. Je, maneno ya wimbo bado yanasikika? Besi bado ipo? Pande zote mbili ziko sawa, au upande mmoja umefifia? Baadhi ya vifaa vyenye kitufe cha kuzungusha hupoteza upande mmoja vikishushwa sana, na mtumiaji hulazimika kupandisha. Kifaa kinachofaulu jaribio hili ndicho cha kuchukua.

MATUMIZI NYUMBANI

Tumekwisha sema kwamba onyo la simu haliaminiki tena ukitumia kifaa cha nje. Basi fuateni kanuni hizi:

— Weka sauti ukiwa chumbani palipo kimya, kisha usiiongeze ukiingia barabarani au kwenye basi. Kama husikii, subiri ufike.

— Mtu aliye umbali wa mkono mmoja akikuita kwa sauti ya kawaida chumbani nawe husikii kabisa, punguza. Na kama yeye anausikia wimbo wako kutoka kwenye vipokea sauti vyako vya masikioni, punguza zaidi.

— Kila baada ya saa moja, vua hedifoni kwa dakika kumi.

— Kabla ya kubadilisha hedifoni nzito kwa nyepesi, shusha sauti hadi sifuri. Mkumbuke ule mfano wa desibeli 97 na 123.

— Watoto wa shule ya msingi wasipewe amplifaya hizi. Mtoto anaweza kuweka vidole vyake kwenye kitufe asichokielewa, na posho yake ya desibeli ni ndogo kuliko yako.

— Usilale na hedifoni ikicheza. Saa saba za usingizi zinahesabiwa kwenye posho ya wiki.

— Usivae hedifoni unapovuka barabara, unapoendesha baiskeli au bodaboda.

— Vipokea sauti vya kuingiza sikioni havichangiwi. Vifutwe kwa kitambaa kikavu safi. Sikio lenye usaha au maumivu lisivalishwe kitu mpaka lipone.

— Wanakwaya wanaojifunza kwa hedifoni wahesabu pia saa za mazoezi mbele ya spika. Sikio halibagui kelele ya ibada na kelele ya muziki wa dansi. Vyote huingia kwenye hesabu moja.

DALILI ZA KUFUATILIA

Mzazi, fuatilia kama mtoto wako anaongeza sauti ya redio au televisheni kuliko wengine, anauliza "eti?" mara kwa mara, au anasema masikio yanalia "ngiii" usiku palipo kimya. Mlio huo ukidumu zaidi ya siku moja baada ya kusikiliza muziki ni onyo. Mpeleke kituo cha afya achunguzwe, maana huenda ni nta tu, na nta hutolewa. Ikibidi atapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo kupimwa usikivu.

Mtu akiamka na sikio moja halisikii ghafla, asingoje wiki ipite. Hiyo ni dharura, na matibabu yanayoanza ndani ya siku chache yana matumaini zaidi.

Kwa waliopoteza usikivu kuna misaada. Kuna vifaa vya kuvaa sikioni vya kusaidia kusikia, na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikipandikiza vifaa ndani ya koklea kwa wagonjwa wanaofaa. Ni kazi kubwa ya kuwashukuru madaktari. Hata hivyo upasuaji huo ni wa gharama, mgonjwa hujifunza kusikia upya kwa miezi, na sauti anayoipata si ileile aliyozaliwa nayo.

KWA UFUPI

Mwenye hedifoni za Bluetooth asinunue kifaa hiki. Mwenye vipokea sauti vya kawaida anunue adapta ndogo iliyo tulivu, kama simu yake haina tundu. Mwenye hedifoni nzito za studio anunue chenye volti za kutosha, hatua ndogo za sauti na swichi ya nguvu, naye awe mtu mzima wa kujisimamia. Wote wajaribu kwa sauti ya chini kabla ya kulipa.

Amplifaya ikiharibika fundi ataitengeneza, au utanunua nyingine mwaka ujao. Zile seli 15,000 za kila sikio hazina duka. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa kinga ni kitendo kidogo sana: kushusha kitufe, kabla ya kuvaa.